Mkataba wa ukumbi upo, wa ndoa je?

Ukitaka kuona Watanzania tunavyojua kuandikishana, nenda kwenye kikao cha harusi. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Daftari la ahadi linasomwa kila wiki, na aliyeahidi laki moja akatoa hamsini anakumbushwa mbele za watu. Mwenye ukumbi ana mkataba, mpishi ana mkataba, mpiga picha hali kadhalika. Wawili wanaokwenda kuishi pamoja mpaka uzeeni ndio pekee ambao hawajaandikishana kitu.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alijaribu. Yeye na wadogo zake wawili wameachiwa nyumba na marehemu mama yao, na kodi ya vyumba vya uani ndiyo inayomlipia ada kitinda mimba. Aliomba karatasi moja tu kabla ya ndoa: nyumba ile ibaki ya watoto wa mama. Shangazi wa binti akasema, "Huyu anaingia huku ameshika mlango wa kutokea." Mpaka naandika haya, pande mbili hazijakaa tena.

Wadau, mimi niko upande wa karatasi. Lakini tusimcheke shangazi. Ameona wanawake wangapi wakirudi kwao na begi moja baada ya miaka ishirini ya kupika, kulea na kulima?

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haikatazi jambo hili. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke, isipokuwa wenyewe wakubaliane vinginevyo. Tatizo liko kwenye kifungu cha 114. Ndoa ikivunjika, mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na hiyo ni pamoja na mali ambayo mmoja alikuja nayo, kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na wote wawili. Kwa hiyo rafiki yangu na mkewe wakiezeka upya ile nyumba na kuongeza vyumba, wadogo zake wanaweza kujikuta wanasikiliza kesi ya nyumba ya mama yao.

Na asiye na karatasi hutegemea ushahidi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Ushindi mkubwa kwa wanawake. Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa fedha za maendeleo naye akazitumia vibaya. Hoja ilishinda, mwenye hoja akaondoka mikono mitupu.

Wenzetu Kenya wameliweka wazi. Sheria yao ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inaruhusu wachumba kukubaliana kuhusu mali kabla ya ndoa, na mahakama inaweza kuyatupa makubaliano yenye udanganyifu, shinikizo au dhuluma ya wazi. Hapo ndipo hofu ya shangazi inapojibiwa. Mkataba wa mwenye nacho kumfunga asiye nacho ni unyang'anyi wenye mhuri.

Kwa hiyo karatasi nzuri iandike pande zote mbili. Nyumba ya mama ni ya watoto wa mama, sawa. Basi iandike pia kwamba tutakachochuma pamoja ni chetu sote, na anayebaki nyumbani kulea naye anachuma. Kila mmoja awe na mwanasheria wake, na isainiwe mapema, si usiku wa kuamkia harusi.

Wanaosema tutaongea mambo hayo yakitufika, nawauliza: mtaongea vizuri zaidi mkiwa mnapendana, au mkiwa kila mmoja na wakili wake kwenye korido ya mahakama?

Nawasilisha.