Meza ya watu wanne kwenye sebule ya futi kumi

Sijui huko kwenu mlipo, lakini hapa Musoma kijana ambaye hajaoa akinunua meza ya chakula kabla ya makochi anaonekana ana matatizo. Utaratibu wetu sisi tuliomaliza chuo tukarudi mkoani unajulikana: godoro kwanza, halafu jiko la gesi, halafu runinga, halafu makochi makubwa yanayojaza sebule mpaka mgeni anapita ubavu. Meza ya chakula ni ya watu wenye familia, au ya wale wanaojenga. Wenzangu wa kazini walipoona nachora vipimo nyuma ya ratiba ya kikao cha halmashauri walicheka sana. Mmoja akaniuliza, "Mwandishi, unakula na nani wewe?"

Swali zuri. Nitalijibu, ila acheni kwanza nieleze chumba chenyewe.

Nimepanga chumba na sebule, Nyasho. Sebule ni futi kumi kwa kumi na mbili, na jiko ni kile kiuchochoro cha kwenda uani. Ukuta umepakwa kama nyumba nyingi za kupanga: chini rangi ya mafuta ya kahawia mpaka kiunoni, juu rangi ya maziwa ambayo ilikuwa maziwa zamani. Mwenye nyumba ana masharti yake, la kwanza likiwa hakuna kupiga msumari ukutani. Hakuna saa, hakuna kalenda, hakuna picha. Kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo, na mwandishi anayelipwa kwa kila habari inayotoka gazetini anajua miezi sita maana yake nini. Kwa hiyo hapa sizungumzii mapambo ya kwenye majarida. Nazungumzia kona moja kati ya dirisha na mlango wa jikoni, futi sita kwa tano, basi.

Sasa jibu la "unakula na nani".

Mimi ni mtoto wa Bunda, lakini kwa upande wa baba asili yetu ni Butiama. Nyumba niliyokulia, kama nyumba nyingi za mkoa huu, ilikuwa na vituo vitatu vya kula. Baba na wageni wake wanaume walikula sebuleni au chini ya mti, watoto tulizunguka sinia kibarazani, na mama alikula jikoni kwenye kigoda, mwishoni, kilichobaki. Hakuna aliyeona ajabu. Ni mpaka nilipopata ada ya kusoma mbali ndipo nikaona familia inayokula pamoja, na nakumbuka nilishindwa kutafuna siku hiyo kwa sababu mama wa nyumba alikuwa ananitazama usoni.

Tena si kwamba jambo hili halijawahi kusemwa na mtu wa kwetu. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama hapo mwaka 1922, mama yake, Mgaya, akiwa mke wa tano kati ya wake 22 wa Chifu Burito. Akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940 aliandika insha ndefu kuhusu uhuru wa wanawake, akieleza mzigo wanaobebeshwa wanawake wa kwao. Insha ile ilikuja kuchapishwa kama kitabu mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake. Kila tarehe 14 Oktoba sisi waandishi tunapanda gari kwenda Mwitongo kwenye kaburi lake, tunaandika hotuba za viongozi, tunarudi. Insha ile sijasikia ikitajwa hata siku moja. Haya, tuendelee.

Baba yetu alifariki, na tangu hapo kuna shamba la Butiama ambalo halijakaa sawa. Kila ndugu wa baba wanapokutana kulizungumzia, mazungumzo yanaanza maji ya kunawa yakishaletwa na yanaisha sahani zikiondolewa. Yaani kikao ni chakula. Na chakula, kama nilivyosema, mama hayupo. Yeye anasikia "tumeamua" kupitia dirisha la jikoni. Yule ambaye amelima shamba lile kuliko mtu yeyote aliyekaa sebuleni! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Nimeiandika gazetini zaidi ya mara moja. Lakini sheria haijui kwamba uamuzi unapita wakati mama anakoroga ugali wa pili.

Ndiyo maana nilitaka meza.

Fundi wangu ana karakana ya mabati, mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Alianza na mninga, akausifia kama mchumba: unatoka Tabora, hauliwi na wadudu, utawarithisha wajukuu. Bei yake ilinifanya nikohoe. Tukashuka kwenye paini ya Iringa, ile ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ambayo ni nyepesi na ina macho mengi, lakini ukiisugua vizuri kwa msasa na kuipiga vanishi mara tatu inapendeza kwelikweli. Mimi nilitaka meza ya duara, isiyo na upande wa mkubwa. Fundi akasema duara inakula mbao bure, pembe zote zinatupwa. Tukakubaliana mraba, futi tatu kwa tatu, ambao nao hauna kichwa wala miguuni. Viti viwili vya kuegemea, na stuli mbili zinazoingia chini ya meza zisipotumika, sebule ibaki na njia.

Tulichobishania zaidi ni urefu. Meza ya kawaida ni inchi 30 kutoka sakafuni, na kiti inchi 18. Mama yangu ni mfupi na magoti yake yanamsumbua. Kwenye viti vya kawaida miguu yake inaning'inia, na ndiyo sababu anayoitoa siku zote ya kurudi kwenye kigoda chake. Nikamwambia fundi apunguze inchi mbili kila kitu, meza 28, viti 16. Akasema, "Braza, hii itakuwa ya chekechea, watu watauliza nani kaitengeneza." Nikamjibu awaambie ni mimi. Alikata huku akiguna. Nawaambia wapangaji wenzangu, mpimeni mtu atakayekaa kwanza, meza baadaye.

Mapambo hayakunichukua muda. Kwa kuwa msumari ni haramu, nilifunga kamba kwenye nondo za dirisha nikatundika ungo mmoja na vikapu viwili vidogo vya kuwekea ugali alivyonipa bibi, na kwenye ukuta wenye kahawia ile vimekaa vizuri kuliko picha yoyote. Kitambaa cha meza ni kitenge, si kile cha kufuma cheupe, maana dagaa na kitambaa cheupe ni maadui. Taa ndiyo ilinipa kazi. Nilitaka balbu ishuke karibu na meza, lakini anayeishi karibu na ziwa anawajua wale vijidudu wanaopanda kutoka majini kama moshi, hasa mwezi ukiwa mchanga. Balbu juu ya chakula maana yake unakula kitoweo cha ziada. Kwa hiyo taa imebaki mbali, juu ya mlango, na dirishani kuna wavu.

Mama alikuja kutoka Bunda kwa ajili ya kliniki ya magoti. Siku hiyo hiyo baba mdogo naye akapiga simu yuko mjini, atapita kula. Sikupanga. Nilipika sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, na ilipofika saa ya kula mama akachukua sahani yake akaelekea jikoni, kama ilivyotarajiwa. Nikamwambia, "Mama, jikoni hakuna pa kukaa, nimeweka ndoo." Ilikuwa kweli, ndoo zote tatu, maji yalikuwa yamekatika. Akasimama. Baba mdogo akatazama meza, akatazama viti vinne, akasema, "Shemeji, kaa basi, chakula kinapoa."

Akakaa. Kiti alikigeuza upande, nusu akielekea jikoni, kama mtu anayesubiri basi. Lakini miguu iligusa sakafu. Tulikula kimya kwa muda, halafu baba mdogo akaanza habari za shamba, akinielekea mimi, kwamba mpaka wa chini ni pale kwenye jiwe kubwa. Mama alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki. Bila kuinua macho akasema, "Si kwenye jiwe. Mpaka ni mwembe. Marehemu aliupanda mwaka tuliooana, na wewe ndiye uliyeshika jembe."

Baba mdogo alitafuna muda mrefu sana. Mwisho akasema mwembe anaukumbuka, ila lazima baba mkubwa asikie mwenyewe, na kwamba watakuja wote mwisho wa mwezi, hapa hapa, mama naye awepo.

Kwa hiyo viti havitoshi tena. Jana nimerudi kwa fundi kuagiza stuli nyingine, inchi 16. Ameniuliza kama nafungua shule.