Siku ya Tatu Kigombe

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto methali hiyo kwa miaka mingi, nikawaeleza kwamba maana yake ni kumwonya mgeni mvivu. Waliojibu hivyo niliwapa alama zote. Leo, nikiwa mzee niliyekwisha kustaafu, naona kwamba maelezo yangu yalikuwa nusu tu. Nusu ya pili nilifundishwa na ndugu yangu, kwa jembe hasa, baada ya upepo kunizuia nyumbani kwake.

Sisi watu wa Mwera pwani yetu ni Ushongo. Kwa marehemu baba yangu bahari ndiyo iliyokuwa barabara. Kusini tulikuwa na jamaa Kipumbwi na Mkwaja. Kaskazini tulikuwa nao Pangani mjini, Kigombe na Tongoni. Kila mwaka baba alingoja demani, ule msimu ambao kusi imepoa, kati ya Agosti na Oktoba, kisha akatupakia katika mashua pamoja na nazi, mahindi na kuku waliofungwa miguu. Tuling'oa nanga alfajiri kwa umande, yaani upepo wa nchi kavu unaokisukuma chombo nje, na jua likipanda kusi ililijaza tanga kutoka nyuma ikatupeleka kaskazini. Kurudi kulikuwa jambo jingine. Kuikabili kusi kwa tanga ni kubisha, chombo kikienda huku na huku mchana kutwa na kusogea kidogo. Basi tulikaa kwa wenyeji mpaka upepo ulegee. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza mgeni wa bahari, "Unaondoka lini?" Jibu hilo lilikuwa kwa upepo.

Katika siku hizo za kungoja ndimo tulimojuana. Sisi watoto tulilala kwenye mkeka mmoja na binamu zetu, tukajua nani anaogopa giza na nani anakoroma. Wazee nao, habari za salamu zilipowaishia, walianza kusema mambo yenyewe: deni lisilolipwa, mke aliyerudi kwao, mpaka wa shamba. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba mambo mazito hayakusemwa siku ya kwanza hata mara moja.

Mimi mwendo huo sikuufuata. Nilisoma, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule za mbali, na nilipofika kuwa mwalimu mkuu nilikuwa mtu wa ratiba na kengele. Nikienda kuwaona ndugu nilikwenda kwa basi, nikanywa kikombe cha chai huku nikitazama saa, nikaaga. Kisha zikaja simu za mkononi, na kuanzia mwaka 2008 tukaweza kutumiana pesa kwa simu. Nikawa natuma, na kila nilipotuma moyo wangu ulitulia kana kwamba nimekwenda kuwaona.

Sasa nieleze kosa langu. Baba alifariki mwaka 2003, mama akiwa amemtangulia, akaacha minazi 90. Tulikuwa watatu: dada yetu mkubwa aliyeolewa Tongoni, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Sheria ya mirathi inajulikana, na hesabu yake si ngumu: minazi 36 yangu, 36 ya mdogo wangu, 18 ya dada. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msomi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Hesabu niliyoiandika ilikuwa sahihi. Lakini minazi ile niliijua mmoja mmoja. Fungu langu nililiandika kandokando ya kisima, kwenye minazi michanga yenye kuzaa. Fungu la mdogo wangu nililiandika upande wa juu, kwenye minazi mizee, ambako ugonjwa wa kunyong'onyea ulikuwa umekwisha kuingia. Baada ya miaka michache lake lilikuwa magogo yaliyosimama bila vichwa.

Hakunishtaki kwa mtu. Alihamia Kigombe kwa wakwe zake, akavua samaki huko, na akaacha kuja Mwera. Tulikutana mazikoni, tukasalimiana kwa adabu. Miaka 15 ilipita namna hiyo.

Mwezi wa Septemba 2018 mpwa wangu, mwana wa dada, alinijia Mwera. Alikuwa na mashua yake pale Ushongo, yenye tanga na mashine ndogo. "Mjomba," akaniambia, "mama haamki vizuri siku hizi, na anakuuliza. Twende kwa chombo, kama mlivyokuwa mkienda zamani." Nikajaza gunia la nazi kumpelekea dada, tukatoka alfajiri.

Jua lilipochomoza tuliliona fungu la Maziwe kwa mbali upande wa kulia, mchanga mweupe na ndege juu yake. Nilipokuwa mtoto Maziwe ilikuwa kisiwa chenye msitu wa mivinje, na kasa walipanda mchangani kutaga. Mwaka 1975 ilitengwa kuwa hifadhi, lakini bahari iliendelea kuula mchanga, miti ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha yote. Sasa maji yakijaa hulifunika fungu zima. Kati yetu tulioishi tukiitazama kila siku, hayupo awezaye kutaja siku ambayo Maziwe iliacha kuwa kisiwa. Nilimfikiria mdogo wangu, kisha nikajilazimisha kufikiri jambo jingine.

Mdomo wa Mto Pangani tuliupita kwa mbali. Maji yalikuwa yanapwa, na mto unapotoka kwa nguvu ukakutana na mawimbi ya kusi, hapo huinuka mawimbi mafupi yaliyosimama wima ambayo nahodha mwenye akili huyaepuka. Baadaye upepo ukazidi. Wingu jeusi likatujia kutoka nyuma, mvua ikapiga, na mpwa wangu akageuza omo kuelekea nchi kavu.

"Wapi huko?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kigombe, mjomba."

"Twende tu mpaka Tongoni."

"Niwie radhi, mjomba. Shuleni mkuu ulikuwa wewe. Chomboni nahodha ni mimi."

Mdogo wangu alikuwa ufukweni pamoja na wanaume wengine, kwa maana chombo kikija na mvua kila mwenye nguvu hutoka kusaidia kukivuta. Aliniona, akasimama kidogo, kisha akaja. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Akalitwika gunia langu begani, akatangulia njia. Nyumbani alilitua, akatoa nazi moja, akaitikisa sikioni. "Hizi za kisimani," akasema. Basi, hakuongeza neno.

Siku ile tulizungumza habari za mvua. Siku ya pili upepo ulikuwa vilevile, nasi tukazungumza habari za samaki, na za yule samaki wa kale, silikanti, ambaye alianza kunaswa mara kwa mara katika nyavu za wavuvi wa Tanga, hata mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, kuanzia upande wa Tanga mpaka Kigombe. Shemeji alitupikia wali kwa nazi za kisimani. Niliula kwa shida. Ningekuwa nimekuja kwa basi, saa ya kuondoka ingekuwa imekwisha kufika zamani, nami ningeishukuru.

Siku ya tatu asubuhi mdogo wangu alikuja na majembe mawili. "Kaka," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu, "siku zako za ugeni zimekwisha." Tukaenda kuchimba mihogo. Tulipiga matuta mawili kimya, yeye akiwa mbele kwa kuwa mikono yangu ni ya chaki. Katika tuta la tatu nikasimama nikasema, "Ile karatasi niliiandika mimi. Niliijua minazi ile. Nilikukosea."

Hakuacha kuchimba mara moja. Alimaliza shina alilokuwa nalo, akakung'uta udongo, ndipo akasema, "Nilijua, kaka, tangu siku ile. Watu wa kuniambia walikuwa wengi. Nilikuwa nangoja uje uniambie wewe."

Nikamwuliza kwa nini hakusema yeye mwenyewe miaka yote hiyo. "Ulikuwa unakaa wakati gani?" akaniuliza.

Swali hilo sikuweza kulijibu, na mpaka leo silijibu vizuri.

Kesho yake bahari ilitulia, naye akaingia chomboni pamoja nasi. Karibu na Tongoni aliniuliza kama ni kweli kwamba Mreno alichoma chombo chake katika maji yale. Nikamweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto: kwamba mwezi wa Januari 1499 Vasco da Gama aliichoma São Rafael, chombo kizima, kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi na waliobaki hawakutosha kuviendesha vyote. "Basi chombo bila watu ni kuni," akasema mdogo wangu. Mimi nilikuwa nikifikiria minazi 36 ya kisimani.

Dada alipotuona tunaingia pamoja hakusema kitu. Alishika mkono wangu, akashika na wa mdogo wangu, akavikalia vyote viwili pale kitandani kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke. Tulikaa naye siku tano. Hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Tulimzika Tongoni, nasi wawili tulishika jeneza lake upande mmoja.

Minazi ya kisimani tuliigawa upya mbele ya mashahidi, 18 kwa 18. Safari hii kalamu nilimpa yeye. Mwandiko wake ni wa darasa la nne, na karatasi ile naihifadhi pamoja na vyeti vyangu.

Siichukii barabara. Katika miaka hii ya 2020 tumeona kazi ya barabara ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani, pamoja na daraja la kuvuka mto, na mgonjwa wa Mwera hatangoja tena kivuko. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nawaomba ninyi mnaosoma, hasa wenye gari na saa nzuri mkononi, mkienda kwa ndugu ambaye kuna neno kati yenu, msiende kunywa chai. Nendeni kama waliozuiwa na upepo. Siku mbili za mwanzo zitapita kwa habari za mvua na samaki, zivumilieni. Kaeni mpaka mpewe jembe.