Njia ya X na Y

Muhula ujao shule yetu itachagua wanafunzi wawili wa kwenda mashindano ya hesabu, nami nataka nafasi moja. Maswali ya maumbo mimi huyafanya kwa x na y. Rafiki yangu hunicheka, eti huo ni uvivu; fundi wa kweli hutumia pembe na duara.

Namjibu hapa. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959, kila swali lina alama 7. Uthibitisho wa x na y ukikamilika bila kosa hupata zote 7. Msahihishaji hapunguzi eti njia haipendezi.

Lakini jamani, hatari ipo. Wa pembe akikwama katikati, aghalabu huambulia alama kwa jambo la maana aliloonyesha. Wa x na y akikwama, kurasa tano zaweza kuwa sifuri, maana hazijasema lolote kuhusu umbo lenyewe.

Na namba zenyewe! Tuseme unathibitisha kwamba mistari inayounga pembe zinazokabiliana za msambamba hukatana katikati. Ukiweka (0,0), (4,0), (5,3) na (1,3), umethibitisha msambamba mmoja tu, basi. Weka (0,0), (a,0), (a+b,c) na (b,c). Katikati ya kila mstari ni ((a+b)/2, c/2). Kazi kwisha, mistari mitatu tu! Rafiki yangu na pembe zake bado anachora.