Sauti Niliyotaka Kuiziba

Naomba dakika zako chache. Jambo hili lilinipata sebuleni kwangu, na huenda likakuokoa wewe.

Tuna kompyuta ndogo tuliyoiunganisha na runinga. Watoto huitumia kwa filamu, nami hutazama ibada tulizorekodi. Tuliipenda kwa sababu ya ukimya wake. Siku moja ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga. Mke wangu akaniambia, "Baba, hata tukiomba naisikia hiyo kitu."

Nilianza kwa kulaumu feni. Nikapuliza vumbi, kisha nikachomoa waya wake kwa sekunde chache tu. Mvumo ukabaki palepale. Basi haikuwa feni, ilikuwa diski ngumu. Ndani ya diski kama ile yangu mna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Mtikisiko huo hupita kwenye skrubu na kuingia kwenye bati la kasha, na bati linavuma kama ngoma. Nilipolikandamiza kwa kiganja, sauti ilipungua. Nikaweka vipande vya mpira kati ya diski na kasha. Nyumba ikatulia, nami nikajiona fundi.

Wiki mbili baadaye nikasikia sauti nyingine. Tik, tik, tik. Kimya kidogo. Kisha tena, tik, tik, tik. Filamu ikawa inagandaganda. Na mimi, mpendwa, nikaenda kutafuta sponji niongeze!

Nilimpigia kijana wetu anayeshughulikia mitambo kanisani. Aliposikia sauti ile kwenye simu akasema, "Pasta, hiyo si ya kuzibwa. Zima mashine sasa hivi." Akanieleza kwamba kichwa kinachosoma sahani kilikuwa kinashindwa kupata mahali pake, kinarudi mwanzo na kujaribu upya. Diski ikifika hapo, inaweza kufa wakati wowote.

Hapo ndipo nilipokumbuka kilichokuwa ndani. Video ya mama yangu, aliyelala 2019, akitoa ushuhuda wake kwa lugha ya nyumbani. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Kijana alikuja jioni ileile na diski nyingine. Hatukufungua filamu wala kukagua chochote. Tulianza na mama. Faili yake ilitoka nzima, nikalia mbele ya watoto wangu. Picha za kifungua mimba wetu akiwa mchanga hazikutoka. Zilipotea, na kosa ni langu.

Kwa hiyo nisikilize. Mvumo usiobadilika mara nyingi ni mtikisiko, na mpira utakusaidia. Mkwaruzo mfupi unapofungua faili ni diski ikifanya kazi yake. Lakini ukisikia kugonga kunakojirudia, usitafute ukimya. Tafuta nakala. Anza na kile usichoweza kununua tena dukani.

Leo kompyuta yetu inatumia diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na diski kubwa ya zamani tumeibadilisha. Sebule ni kimya kabisa. Lakini SSD nayo huharibika, na inaweza kufa bila hata kugonga. Ndiyo maana video ya mama sasa iko mahali patatu, na pamoja ni nyumbani kwa dada yangu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikimbilia sponji. Nilitaka amani ya sebuleni kuliko nilivyotaka kujua kilichokuwa kinaharibika. Huenda kwako si kompyuta. Huenda ni mtoto anayelalamika jambo lilelile kila siku, nawe unamwambia anyamaze.

Sauti ya mzazi wako umeihifadhi wapi? Iko mahali pangapi? Usilale leo kabla hujaitolea nakala.