Taya, Kisu na Jina la Uvimbe

Katika mifupa yote ya uso, taya la chini peke yake ndilo litembealo. Kwa taya hilo mtu hutafuna, hupiga miayo, huimba na hutukana. Mdomo wa chini umelikalia mfano wa mtu aliyeketi juu ya ukingo wa kisima. Ukingo ukivunjika, aliyeketi huanguka. Mtu aliyeondolewa sehemu ya mbele ya taya, asijengewe nyingine, hutokwa na mate pasipo hiari. Ulimi wake hurudi nyuma ukamziba pumzi, na sauti za m, b na p humkimbia, maana hizo hazizaliwi mpaka midomo ikutane. Maneno ya kwanza ya mtoto, mama na baba, yote mawili yamo katika hasara hiyo. Haimfalii tabibu, basi, kushika kisu kabla hajajua uvimbe ulio mbele yake ni wa namna gani.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake katika jambo hili. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mataya ya mtoto huyo, la juu na la chini, yalikuwa yamevimba kulia na kushoto. Jipu halishiki mahali panne kwa mara moja, na uvimbe wa kawaida aghalabu huanza mahali pamoja. Baada ya majuma machache Burkitt alikuwa Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye uso wa namna ile ile, na tumboni mwake mlikuwa na uvimbe pia. Akapekua kumbukumbu za Mulago, akatambua kwamba uvimbe wa mataya na ule wa tumboni, uliokuwa ukiandikwa kwa majina mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Makala yake ilichapishwa mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000, toka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani yao ikaonyesha kwamba ugonjwa ule hufuata joto na mvua kama malaria ifanyavyo. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, huko London, walitangaza kirusi walichokiona katika chembe zilizotoka katika uvimbe huo.

La kustaajabisha ni kwamba aliyegundua haya alikuwa mtu wa kisu, naye akakiweka kisu chini. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili; kumkata mtoto taya kulikuwa kumharibu uso bila kumponya. Dawa zilipojaribiwa, uvimbe uliyeyuka, na baadhi ya watoto walipona kabisa.

Sasa na atazamwe mgonjwa mwingine, mtu mzima, mwenye shavu lililojaa upande mmoja kwa miaka. Hasikii maumivu. Gego limelegea, limeng'olewa. La pili nalo likafuata. Uvimbe umebaki pale pale. Huu aghalabu ni ameloblastoma, uliotokana na chembe za asili ile ifanyayo gamba gumu la jino. Katika taarifa za Dar es Salaam na za Nigeria ndio unaoongoza miongoni mwa uvimbe wa asili ya meno. Hausafiri mwilini ila kwa nadra sana, lakini hula mfupa bila kuchoka. Picha ya eksirei huonyesha mfano wa mapovu ya sabuni, ilhali vifuko vya maji vya taya huweza kuiga sura hiyo. Kwa hiyo kipande hukatwa kikatazamwe kwa hadubini. Tangu 2014 imejulikana kwamba uvimbe huu mara nyingi una badiliko katika jeni iitwayo BRAF, na dawa za kulipinga zimejaribiwa kwa wagonjwa wachache. Tegemeo kubwa bado ni kisu.

Na kisu chenyewe kisiwe na haya. Kukwangua uvimbe na kuliacha taya humpendeza mgonjwa na ndugu zake, walakini chembe zake huwa zimekwisha penya katika mfupa uonekanao mzima. Uvimbe hurudi, pengine baada ya miaka kumi, ukiwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Huruma ya namna hiyo ni deni lenye riba. Mpasuaji hukata sentimita moja au mbili kupita mpaka anaouona.

Pengo likiisha kupatikana, lijazwe nini? Bamba la titani peke yake hushikilia umbo, lakini kwa miaka huweza kuvunjika au kutoboa ngozi. Kipande cha mfupa wa nyonga hufaa pengo dogo. Likizidi sentimita sita hivi, mfupa usio na damu yake wenyewe huelekea kufa. Mwaka 1975 Taylor na wenzake, huko Australia, walionyesha kwamba mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, yaani fibula, waweza kuhamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Mwaka 1989 Hidalgo, wa New York, akaeleza namna ya kuufanya taya. Uzito wa mwili huchukuliwa na muundi, kwa hiyo mtu hutembea. Ila huachwa sentimita kama sita juu na sita chini, ili goti na kifundo visiyumbe. Mfupa hukatwa kabari ndogo ndogo, ukapindwa kwa umbo la taya na kufungwa kwa parafujo. Kisha mishipa yake huunganishwa na ile ya shingo chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Usiku wa kwanza wauguzi hawalali. Kipande cha ngozi kilichokuja pamoja na mfupa hutazamwa rangi yake saa baada ya saa. Kikigeuka cha zambarau, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara moja.

Kazi hiyo hutaka saa nyingi, mikono mingi na hadubini, navyo havipatikani kila mji. Mgonjwa aliyekuja mapema huhitaji mfupa mfupi, huenda na wa nyonga ukatosha. Aliyekuja shavu likiwa limefika shingoni hana bahati hiyo. Miezi kadhaa baadaye mizizi ya titani huweza kupandwa katika mfupa mpya na meno yakafungwa juu yake. Gharama yake ni kubwa, na wengi huishia kutafuna kwa upande mmoja.