Foleni ya Ubungo na Vumbi la Misunkumilo

Kwetu Misunkumilo, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, foleni kwa maana ya Dar hakuna. Kinachokupunguzia mwendo ni mkokoteni wa ng'ombe wenye magunia, mifugo inayovuka, au Fuso la mahindi linalotimua vumbi mpaka huoni hata taa zake za nyuma. Likizo ndefu huangukia kiangazi, na likizo hizo nimezimaliza juu ya bodaboda ya mjomba, natafuta cha kusogezea siku kabla bumu halijatoka. Mjomba alinipa funguo na sharti moja: gari usiloona mbele yake, usilipite. Subiri upepo uhamishe vumbi, piga honi, tafuta uso wa dereva kwenye saiti mira yake. Ukiuona, naye anaweza kukuona. Usipouona, kwake wewe haupo.

Hapa Dar napanda kama abiria, na sharti la mjomba naliona likivunjwa kila asubuhi. Ubungo magari yamesimama, boda wanachomekea katikati, kioo huku, kioo kule. Ukiuliza kama ni halali, jibu la kijiweni ni lile lile: "Trafiki mwenyewe anatuona." Hilo si jibu. Jimbo la New South Wales, Australia, limeruhusu pikipiki kupita katikati ya magari ya foleni tangu 2014, lakini kwa masharti: mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, usipite kati ya gari na ukingo wa barabara, na usifanye hivyo eneo la shule saa za wanafunzi. Kwetu, anayechomekea bado anabanwa na kanuni zile zile za kila dereva: gari hupitwa kulia, pakiwa wazi, mstari mweupe usiokatika hauvukwi, gari lililosimama kwenye zebra kumpisha mtembea kwa miguu halipitwi. Na njia ya mwendokasi si ya boda, hata ikiwa tupu kiasi gani.

Kushoto kwa daladala ndiko kunakonitisha zaidi. Mlango uko huko. Foleni ikigoma, abiria hawasubiri kituo. Konda anagonga bati, mlango unafunguka, mama na kikapu chake anashuka moja kwa moja mbele ya tairi lako. Katikati nako machinga wa maji na korosho anakatiza kati ya magari, macho yake yako kwa mteja. Hawa wote hutawaona mpaka watokeze.

Piga hesabu. Kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja tu ya kushtuka imekupeleka mita 11, na breki hujaigusa. Kwa kilomita 20 ni mita tano na nusu, urefu wa gari dogo na kidogo zaidi. Foleni ikiwa imesimama kabisa, hata hiyo 20 naiona nyingi. Na magari yakianza kutembea, mchezo umekwisha: ingia kwenye mstari, kaa nyuma ya gari kama wengine, kwa sababu sasa kila dereva anatafuta pa kuhamia.

Tunapenda kusema boda wana haraka. Haraka ya nani? Ni mwanafunzi mwenye testi saa mbili, ametoka kitandani saa moja na robo, anamgonga dereva begani: "Broo, washa!" Nimeketi upande wote wa usukani, najua neno hilo linavyofanya kazi, hasa kwa kijana anayedaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki. Muhula uliopita mwenzetu wa hosteli aliumizwa goti na bampa la gari lililohama ghafla. Testi aliikosa, na mwezi mzima tulimpandisha ngazi tukimshika mkono.

Mimi siku hizi naongea kabla sijapanda: "Kaka, katikati ya magari nenda taratibu, na tusipite kushoto kwa daladala." Wengine wanacheka, wengi wanakubali. Kisha kofia naifunga ukanda, begi nalivaa mgongoni lisining'inie ubavuni, na magoti nayabana kwenye pikipiki.