Nendeni Mkahesabiwe

Doha, Desemba

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, mafundi na akina dada wa kazi za majumbani, mnaoniita Babu ingawa hatukuzaliwa ukoo mmoja. Mkataba wangu umekwisha, umri nao umefika, na safari hii ya Kilimanjaro haina tiketi ya kurudi. Mzee akiondoka huacha neno. Langu ni hili: mwisho wa mwaka nendeni nyumbani mkahesabiwe, hata kama mkononi hamna kitu. Na asiyeweza kwenda, ahesabiwe hapa hapa na wenzake.

Wengi wenu si Wachagga, kwa hiyo niwaeleze ninachokisema. Kila Desemba watu wa Dar es Salaam hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Wanatania, lakini hawajakosea. Kwetu mlimani ardhi ni ndogo. Kihamba, shamba la migomba na kahawa alilotuachia babu, ni ekari moja, pengine hata haifiki. Kahawa iliwasomesha baba zetu, na chama chao cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Hata hivyo kahawa haikuongeza ardhi. Mtoto mmoja au wawili walibaki kihambani, wengine wakatoka: Arusha, Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, na sasa Doha. Ukoo uliotawanyika namna hiyo usipojiwekea siku ya kukutana, kizazi cha pili hakitajuana. Ndipo wazee wakaishika Desemba, shule zinapofungwa na makanisa yanapojaa vipaimara, ubatizo na ndoa.

Tukifika, hatufiki kula tu. Mbege ya ndizi na ulezi ipo, mtori upo, mbuzi huchinjwa na kila fungu lina mwenyewe. Lakini kabla ya yote mzee wa ukoo huuliza. Nani amezaliwa mwaka huu? Nani ametutoka? Nani yuko kitandani? Nani hayupo, na kwa nini? Mtoto wa nani anaingia sekondari Januari, na ada ipo? Nani na nani hawasalimiani? Majibu hutolewa mbele ya watu wote, na kila jibu huzaa kazi: huyu atamsomesha yule, hawa wawili watapatanishwa kabla ya mwaka mpya, kaburi la bibi litajengewa, paa la shangazi litaezekwa upya. Pilau na soda ni za kuwakalisha watu pamoja ili kazi hiyo ifanyike. Najua mnayo yenu yanayofanana na haya. Wakenya mnakwenda ushago, Waganda mnarudi kijijini, ninyi Waislamu wa Tanga, Mombasa na Unguja mnakutana zaidi Idi mbili na maulidi. Siku zinatofautiana, maswali ya mzee hayatofautiani sana.

Sasa nizungumze na ninyi mnaokaa miaka bila kwenda.

Nilipofika Qatar, uwanja wa ndege wa Hamad ulikuwa haujafunguliwa, na mji wa Lusail kwa sehemu kubwa ulikuwa mchanga. Wakati ule mfanyakazi hakutoka nchini bila kibali cha mwajiri. Baba yangu alifariki mwezi kama huu. Aliyepaswa kutia saini kibali changu alikuwa nje ya nchi, na ofisini hakuna aliyethubutu kusaini badala yake. Baba alizikwa kihambani nikiwa ghalani Industrial Area nikihesabu maboksi. Mzee wa ukoo alipouliza nani hayupo, jina langu lilitajwa na mdogo wangu akanijibia. Sisemi haya ili mtu achukiwe. Nasema ili mjue thamani ya mlango mlio nao leo.

Kwa maana mlango huo umefunguliwa. Sheria Namba 13 ya mwaka 2018 iliondoa kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi. Januari 2020 haki hiyo ikawafikia wafanyakazi wa majumbani, ambao wanatakiwa tu kumjulisha mwajiri saa 72 kabla ya kuondoka. Likizo ya mwaka nayo ni haki yenu: kwa mfanyakazi wa kampuni haipungui wiki tatu, na akitimiza miaka mitano kazini haipungui wiki nne. Tarehe hupangwa na mwajiri kulingana na kazi, kwa hiyo anayeitaka Desemba aiombe mapema, wala asingoje Novemba. Mwenye shida na haki yake aulize wenzake waliopitia njia hiyo, asikae kimya.

Pamoja na hayo, wapo kati yenu ambao likizo ikifika huomba walipwe pesa badala ya kwenda. Nikiwauliza, jibu ni moja: "Babu, nitakwendaje mikono mitupu?" Kaka anataka simu, shangazi anangoja vitenge, wapwa wanataka viatu, majirani nao wanadhani aliyetoka Doha anachota pesa kwa ndoo. Basi mnaahirisha mwaka huu, mnaahirisha na ujao. Mama anazeeka, mtoto anaanza kumwita bibi yake mama, na ninyi mko hapa mnakusanya mizigo ya safari isiyofika.

Zamani karatasi ya mwajiri ndiyo iliyotuzuia. Leo mnazuiwa na aibu, na aibu hiyo haina saini ya mtu yeyote. Iondoeni wenyewe.

Iondoeni kwa kusema ukweli. Waambieni watu wenu mnalipwa kiasi gani. Tangu 20 Machi 2021 kima cha chini hapa ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipotoa malazi na chakula huongeza 500 ya malazi na 300 ya chakula. Wengi wenu mko hapo au juu yake kidogo. Kaeni na mama, kaeni na mke au mume, muwaonyeshe hesabu yote: kilichoingia, kilichotumwa, kilichobaki. Sijaona mzazi aliyemkataa mtoto kwa kuujua mshahara wake. Nimeona wengi waliodai zaidi kwa sababu waliachwa wakisie. Na mkifika nyumbani na begi dogo, ingieni mkiwa mmenyooka. Swali la mzee ni nani hayupo. Sanduku halina nafasi katika swali hilo.

Nawausia pia mtangulize Januari kabla ya Desemba. Sikukuu ni siku chache, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na ada havingoji. Kuanzia Septemba wekeni kando pesa ya Januari kwanza, kisha ya nauli, na kitakachobaki ndicho cha sherehe. Kama hakibaki kitu, kuku mmoja na chapati vinatosha. Mtoto aliyerudi shule kwa wakati atakumbuka mwaka huo vizuri kuliko yule aliyevishwa nguo mpya Krismasi akarudishwa nyumbani Januari.

Jingine ni kusameheana. Kwetu kuna mmea unaoitwa sale. Tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi. Mtu aliyemkosea mwenzake hufunga jani lake fundo, akalipeleka au akamtuma mtu amfikishie, na anayepelekewa sale hapaswi kukataa kusuluhishwa. Wengi wenu mmebeba ugomvi wa nyumbani hadi hapa: shamba lililouzwa bila kuwauliza, pesa za kujenga zilizoliwa na ndugu, ndoa iliyovunjika kwa maneno ya simu. Msivuke mwaka na mizigo hiyo. Hapa sale halioti, lakini simu mnayo, na saa ya Doha ni ile ile ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, bila tofauti hata ya dakika. Mwaka mpya unaingia kwenu na kwao kwa wakati mmoja. Basi kabla ya usiku wa tarehe 31, pigeni ile namba mnayoikwepa. Aliyekosa aseme amekosa. Aliyekosewa apokee. Mambo ya shamba na pesa yatajadiliwa baadaye na wazee, watu wakiwa tayari wanasalimiana.

Kwa watakaobaki, nawakabidhi utaratibu wetu wa hapa. Tarehe 25 Desemba katika nchi hii ni siku ya kazi. Wakristo mnasali Mesaimeer, penye makanisa, na wengi wenu huenda Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Tuliokuwa hapa kabla ya Machi 2008, kanisa la Mama Yetu wa Rozari lilipofunguliwa pale, tulisali kwa kubanana majumbani, kwa hiyo upeni uwanja ule heshima yake. Lakini siku ya kukaa sote, Wakristo na Waislamu, tuliichagua 18 Desemba. Ni Sikukuu ya Taifa ya Qatar, ya kumkumbuka Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani aliyeshika uongozi mwaka 1878. Wenyeji hukumbuka mwanzo wa nchi yao kwa familia nzima, kuanzia babu hadi mtoto wa kubebwa. Wengi wetu tunapumzika siku hiyo, joto limekwisha, na bustani zinakalika.

Siku hiyo tukitandika mikeka, tukapakua pilau la dada zetu wa Mombasa, matoke ya Waganda na ndizi nyama zangu, tukanywa chai ya karak badala ya mbege, hatukuwa tunaburudika tu. Tulikuwa tunahesabiana, kwa maswali yale yale ya kihambani. Endeleeni hivyo. Aliye mkubwa kwa umri aulize, wengine wajibu. Aliyepoteza kazi atajwe, atafutiwe. Aliyepata mtoto, awe nyumbani au huku, apongezwe. Aliyetutoka atajwe kwa jina lake na la baba yake. Mnakumbuka jinsi tulivyochanga kusafirisha miili ya wenzetu. Michango ile msiiache ife, na msingoje msiba ndipo mfungue mfuko.

Na mkihesabu, msiwahesabu waliofika peke yao. Ulizeni habari za dada zetu wa majumbani ambao hatujawaona mkekani. Sheria Namba 15 ya mwaka 2017 inawapa siku moja ya mapumziko kila wiki na saa za kazi zisizozidi kumi kwa siku. Wapo wanaoipata siku hiyo, na wapo wasioipata. Dada asiyeonekana mwaka mzima apigiwe simu hiyo tarehe 18 Desemba, aulizwe polepole kama ni mzima, kama analipwa, kama anazungumza na watoto wake. Akisema ana shida, mumsindikize ubalozini au wizara ya kazi. Hiyo ndiyo maana ya kuwa ndugu ugenini.

Watoto wenu walio kwa bibi zao nao wapewe nafasi. Siku hiyo muwapigie wakiwa wote pamoja, na kila mtoto aulizwe jambo moja alilofanya mwaka huu ambalo wewe hukuliona. Msikilize mpaka amalize. Usimkatize kwa kumuuliza namba aliyoshika darasani.

Daftari letu la majina, lenye waliofika, waliorudi na waliofariki, nimempa dada yenu wa Kakamega, maana yeye hajawahi kukosa na hasahau mtu. Mheshimuni kama mlivyoniheshimu. Atakapoondoka amkabidhi mwingine, na asiliache kwenye droo.

Penye jina langu andikeni kwamba nimerudi nyumbani nikiwa mzima, na kwamba mikono yangu haikujaa kama nilivyoahidi nilipotoka. Nakwenda hivyo hivyo, na sioni haya. Mwaka ujao nitakuwa miongoni mwa wanaouliza nani hayupo, na nitauliza habari zenu pia. Mungu awalinde kazini na barabarani, awakutanishe na watu wenu wakiwa hai.

Ni mimi,
Babu yenu